Safari ya Greyville: Umeme, Jirani na Maana ya Ubia



Mhariri wetu ameniomba nieleze machache ya safari niliyoifanya mwezi wa Novemba 2024 kwenda Durban, Afrika ya Kusini, kumtembelea mpwa wangu na wanawe. Nilidhani nitaandika juu ya bahari na maduka ya bizari, kwani hayo ndiyo msafiri aulizwayo kwanza arudipo. Lakini kila nishikapo kalamu, fikra hunirejesha kwenye ngazi za nyumba moja ya ghorofa huko Greyville, na kwenye kikaratasi kimoja cha risiti. Basi nitaanza na mahali penyewe, kisha nije kwenye kikaratasi.

Mahali penyewe

Greyville ni mtaa mkongwe ulio chini ya kilima cha Berea, mwendo mfupi kwa miguu kutoka katikati ya mji. Atokaye Unguja au Mombasa hapati taabu kuizoea Durban. Bahari ni ile ile ya Hindi, na joto la Novemba lina unyevu ule ule unaoifanya kanzu igandamane na mgongo kabla ya adhuhuri. Mji wenyewe kwa Kizulu huitwa eThekwini, yaani penye ghuba, na sikio la Mswahili hunasa neno moja moja katika mazungumzo ya Wazulu kama anayesikia lahaja ya binamu wa mbali.

Kitu cha kwanza akionacho mgeni Greyville ni uwanja wa mbio za farasi. Tangu mwaka 1897 Durban ina mashindano yake makubwa yaitwayo Durban July, na hata leo ifikapo mwezi huo watu hufurika kwa maelfu katika mavazi ya fahari. Katikati ya uwanja huo mna uwanja wa gofu. Usiku wa mashindano huwashwa taa kubwa, na dirishani kwa mpwa wangu nuru yake ilitosha mtu kusomea gazeti.

Upande wa kilimani iko Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1849, kongwe kuliko zote za aina yake zilizosalia barani Afrika. Ukishuka kutoka huko unafika Curries Fountain, uwanja wa mpira ambao wakati wa ubaguzi ulikuwa wa wale waliofungiwa viwanja vingine, na ambapo mwezi wa Septemba 1974 vijana walikusanyika kuushangilia ushindi wa FRELIMO wa Msumbiji hali serikali imepiga marufuku. Karibu na hapo zipo shule ambazo kila moja ina kisa cha mchango. Sastri College ilifunguliwa mwaka 1929 kwa fedha walizochangishana Wahindi wa Natal, kwani watoto wao hawakuwa na shule ya sekondari. Jirani yake ni chuo kilichobeba jina la Hajee M. L. Sultan, mtu aliyekuja kutoka Malabar mwaka 1890 akiwa kibarua wa mkataba, akafanya kazi, akalima ndizi, akafanikiwa, kisha akatoa mali yake kwa ajili ya elimu ya ufundi. Chuo hicho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban.

Greyville ina huzuni yake pia. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iligawa miji kwa rangi za watu, na familia za Kihindi na nyinginezo zilizokuwa zikiishi katika sehemu ya mtaa huu iliyoitwa Block AK ziliondolewa. Nyumba zilibomolewa. Wenyewe na warithi wao walingoja mpaka baada ya sheria ya kurejesha ardhi ya mwaka 1994 ndipo wakaweza kudai haki yao.

Sisi wa pwani tuna sababu ya ziada ya kuikumbuka sheria ile. Kati ya mwaka 1873 na 1880 Waingereza waliwateremsha Durban watu wapatao mia tano waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, wakaja kujulikana kwa jina la Wazanzibari. Waliushika Uislamu wao, na wadhamini wa msikiti wa Grey Street wakawapatia ardhi King's Rest, kwenye mlima wa Bluff. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nao waling'olewa huko, wakapelekwa Chatsworth. Nilipokuwa Durban niliambiwa mara mbili na watu tofauti, "Ninyi mna ndugu zenu hapa tangu zamani." Nilifurahi, lakini pia niliona haya, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kuuliza habari zao.

Ugesi umekatika

Sasa nije kwenye umeme. Siku ya pili ya ugeni wangu, mjukuu mdogo aliingia mbio akisema, "Babu, ugesi umekatika!" Nikainuka upesi kwenda jikoni kunusa mtungi wa gesi. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe kwa Kizulu umeme ndio huitwa ugesi, na hawa waliozaliwa huko wanachanganya lugha kama tunavyochanganya sisi hapa.

Umeme wa Durban husambazwa na idara ya manispaa yenyewe, eThekwini Electricity. Idara hiyo hununua umeme kwa jumla kutoka Eskom, shirika la taifa, kisha huwauzia wateja wake, ambao idadi yao ni zaidi ya laki saba. Nyumba nyingi hutumia mita ya kulipia kabla. Mtu hununua dukani au kwa simu, hupewa namba ya tarakimu 20, huibonyeza kwenye mita, taa ikawaka. Aliyeishi Tanzania ataijua mara moja: ni LUKU ile ile. Hata asili ni moja, kwani mfumo wa namba hizo ulibuniwa huko huko Afrika ya Kusini, kisha ukaenea duniani.

Mfumo huo ulikuwa na kikomo ambacho wengi wetu hatukukijua. Kila namba iliyouzwa ilibeba ndani yake hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993, ili namba moja isitumiwe mara mbili. Nafasi ya hesabu hiyo haitoshi kupita dakika milioni 16 na laki saba na ushei, nayo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo kila mita ilitakiwa kupangwa upya. Mteja alipewa namba mbili za ziada, kila moja ya tarakimu 20, aziingize kwa mfuatano, na baada ya hapo ndipo aingize namba ya umeme alionunua. Asiyefanya hivyo, mita yake ingekataa umeme mpya. TANESCO iliwatangazia wateja wake jambo hilo hilo mwaka huo, na kampuni ya umeme ya Kenya vile vile.

Mimi nilikuwa Greyville juma lililofuata tarehe hiyo.

Kikaratasi cha Dadi

Katika ghorofa ya chini ya ile ya mpwa wangu anakaa bibi mmoja wa Kihindi, Mwislamu, mjane, umri wake umepita miaka sabini. Watoto humwita Dadi, kama wajukuu wa Kihindi wamwitavyo mama wa baba. Kila Ramadhani hupeleka sambusa kwa mpwa wangu, na mke wa mpwa wangu humpelekea vitumbua. Urafiki wao ulikuwa huo tu: sahani hupanda, sahani hushuka.

Jioni ile nilikuwa nikipanda ngazi taratibu nikaona mlango wake u wazi na ndani mna mshumaa. Nikatoa salamu, akaitikia. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu kama kuna mgao. Akasema hakuna mgao, ni mita yake imekufa. Ni siku ya pili. Mwanawe yuko Johannesburg, hakutaka kumtia wasiwasi. Dawa zake za sukari, sindano za mwezi mzima, amezitoa kwenye friji na kuzitia katika bakuli la barafu alilonunua dukani, na barafu imekwisha kuyeyuka.

Nikampigia kelele mjukuu mkubwa, mwenye miaka 14. Akateremka. Hakugusa mita. Aliomba kwanza risiti. Dadi akamletea kikaratasi kilichokunjwa mara nne, na pale pale mambo yakawa wazi. Kilikuwa na namba tatu, kila moja juu ya mwenziwe. Dadi, kwa mazoea ya miaka mingi ya kupewa namba moja, alikuwa akiibonyeza ile ya mwisho tu, na mita ilikuwa ikiikataa. Maelezo yalikuwapo chini ya risiti, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama chembe za ufuta. Yeye Kiingereza anakijua kuliko mimi. Macho ndiyo yaliyomwangusha.

Kijana akaziingiza namba kwa mpango: ya kwanza, akangoja, ya pili, akangoja, kisha ya umeme wenyewe. Taa ya sebuleni ikawaka, friji ikaanza kunguruma. Dadi akakaa kitini, akajifuta uso kwa mtandio, akasema, "Dakika tano tu!" Hakuwa akimsifu kijana, nafikiri. Alikuwa akizihesabu siku mbili zake.

Usiku ule mpwa wangu hakula vizuri. Aliniambia, "Mjomba, tumekaa juu ya kichwa chake miaka mitatu. Sindano zile zingeharibika nasi tuko hapa tunatazama televisheni." Sikuwa na la kumjibu.

Asubuhi yake kijana, pamoja na rafiki yake wa Kizulu wa ghorofa ya tatu, waliazimia kugonga mlango mmoja mmoja kuuliza nani bado. Hawakufika mbali. Watu wazima hawafungulii vijana wawili wasiowajua wanaotaka kuona mita, na wana haki, kwani wezi wengi hujifanya watu wa umeme. Ndipo Dadi alipovaa viatu vyake akasema atafuatana nao. Yeye amekaa katika nyumba ile miaka mingi na kila mtu anaijua sauti yake. Yeye alibisha hodi, vijana wakasoma risiti. Walipata mita nyingine tatu zilizokwama, moja ya mzee wa Kihindi aliyekuwa akipikia nje, na mbili za wapangaji kutoka Kongo ambao hawakuwa wameelewa neno lolote la maandishi yale. Wale wawili mjukuu wangu aliwaeleza kwa Kiswahili. Baba yake alijivuna sana kwa hilo, kwa kuwa kijana huyu nyumbani hujibu kwa Kiingereza.

Ubia wa nani na nani?

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mashirika ya umeme, huko na huku tuliko, hupenda sana neno ubia. Utalikuta katika matangazo na katika vipeperushi wanavyotutilia milangoni. Wala si neno la uongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yapata thuluthi moja tu ya nyumba za Afrika ya Kusini zilikuwa na umeme. Leo zilizokosa ni chache. Tangu mwaka 2003 kuna utaratibu wa taifa wa kuzipa kaya maskini uniti 50 za bure kila mwezi. Hayo ni mambo makubwa, na hayakuja yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakazi wa nyumba za manispaa huko Chatsworth, Wahindi na Waafrika pamoja, walisimama kupinga kufukuzwa na kukatiwa maji na umeme, na Profesa Fatima Meer, mwanamke wa Kiislamu wa Durban aliyepambana na ubaguzi maisha yake yote, alikuwa pamoja nao.

Lakini ubia una namna zake, nami nitatoa mfano mmoja wa Durban ambao wahusika wake hawakukubaliana.

Katika mtaa wa Clare Estate, kilomita chache kutoka Greyville, liko jaa la Bisasar Road, lililofunguliwa mwaka 1980 katikati ya makazi ya watu ambao utawala wa wakati ule haukuwauliza. Takataka zikioza hutoa gesi ya methani. Manispaa iliona kwamba gesi hiyo yaweza kukusanywa kwa mabomba, ikachomwa katika injini na kutoa umeme. Benki ya Dunia ikaingia kama mshirika, kwa mpango wa kununua upunguzaji wa hewa chafu. Kwa uhandisi ni kazi njema: uvundo unageuzwa mwangaza. Mitambo ya jaa la Mariannhill ilianza mwishoni mwa 2006, ya Bisasar Road ikafuata, na kwa pamoja ilijengwa kutoa takriban megawati 7 na nusu.

Ng'ambo ya barabara ya jaa la Bisasar aliishi Bi Sajida Khan. Kwa miaka mingi alikuwa akidai jaa lile lifungwe, na aliamini kwamba maradhi ya saratani yaliyompata yeye na jamaa zake yametokana nalo. Kwake yeye mradi wa gesi ulikuwa sababu mpya ya kuliacha wazi jaa ambalo jirani walikuwa wameahidiwa litafungwa. Aliandika, akapeleka malalamiko, akapinga mpaka Benki ya Dunia ikajitoa katika sehemu ya Bisasar Road. Manispaa iliendelea. Bi Sajida alifariki mwezi wa Julai 2007. Wapo waliouona mradi ule kuwa fahari ya mji, na wapo pia ambao hawawezi kuusikia ukitajwa bila kumkumbuka yeye. Mimi si mhandisi, wala si kadhi wa shauri lile. Ninachokiona ni kwamba washirika waliotia saini walikuwa wengi, na mwenye nyumba iliyokabili jaa hakuwa miongoni mwao.

Mfano wa pili ni wa mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua watu zaidi ya mia nne katika jimbo la KwaZulu-Natal. Maji yaliingia katika vituo vya kupozea umeme, nyaya zikachukuliwa na maporomoko, na mitaa mingine ikakaa gizani kwa muda mrefu. Uharibifu ulikuwa mkubwa hata Durban ikaondolewa kwa miezi kadhaa katika ratiba ya mgao wa taifa. Siku zile mafundi walikuwa kwenye nguzo, na huku chini Gift of the Givers, jumuiya aliyoiasisi Dakta Imtiaz Sooliman mwaka 1992, pamoja na misikiti, makanisa na mahekalu, walikuwa wakigawa chakula na maji. Fundi hawezi kupika sufuria mia za wali, wala mpishi hapandi nguzo. Kila mmoja alishika alichokiweza.

Tuliko sisi

Wazanzibari tuliomo katika jumuiya hii hatuhitaji kuhubiriwa juu ya giza. Mji wetu ulikuwa na taa za umeme katika Beit al-Ajaib zama za Sayyid Barghash, wakati ambapo miji mingi mikubwa ilikuwa bado ikiwasha gesi na mafuta. Hata hivyo mwaka 2008 Unguja nzima ilikosa umeme karibu mwezi mzima, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia ya umeme utokao Bara kupitia chini ya bahari. Waliokuwapo wanakumbuka foleni za visimani na ngurumo za majenereta. Wanakumbuka pia nani alimchotea maji nani.

Hapa tuliko umeme haukatiki ovyo. Taabu yetu ni karatasi. Kampuni za nishati hutuma barua ndefu: bei imebadilika, mita inabadilishwa, wazee wana haki ya punguzo, wagonjwa wenye mashine au dawa za friji wajiandikishe ili wasikatiwe. Msaada upo, umeandikwa. Na nina hakika kwamba katika nyumba zetu wamo akina Dadi, mama zetu wasiosoma lugha ya hapa au wasioona herufi ndogo, ambao barua hizo huzitia katika droo pamoja na ankara za miaka iliyopita, wakilipa zaidi ya wanavyopaswa na kukaa na baridi kwa kuogopa ankara ijayo.

Kwa hiyo nimependekeza kwa kamati yetu jambo dogo, nami naliweka hapa ili kila nyumba ilifikirie. Kila Jumamosi baada ya madarasa ya watoto, vijana wawili wakae mezani katika ukumbi wetu kwa saa mbili, na mama mmoja mtu mzima anayejulikana na wote akae nao. Mwenye barua ya umeme au gesi aje nayo. Vijana wasome, mama awe mdhamini wa siri na heshima. Yatakayoshindikana yaandikwe, na mwisho wa mwezi kamati iyapeleke kwa kampuni yakiwa pamoja, na iwaombe watume mtu wao aje akae mezani pale pale walau mara moja katika miezi mitatu. Tukienda kwao na orodha ya matatizo thelathini yaliyoandikwa vizuri, watatusikiliza zaidi kuliko mtu mmoja mmoja anayengoja kwenye simu huku akichezewa muziki.

Siku niliyoondoka Greyville, Dadi alipanda ngazi mwenyewe na sahani ya sambusa, akasema ni za njiani. Mke wa mpwa wangu hakumrudishia sahani tupu, wala hakungoja Ramadhani. Alikwisha mwandikia namba zao za simu kwa herufi kubwa, na karatasi ile niliiona nilipoteremka na begi langu. Dadi aliibandika ukutani, juu kidogo ya mita.

Wenye vijana walio tayari kuanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao waandikishe majina yao kwa katibu.

Wassalaam.